Mke Wangu Anamwita Mpiga Pasi "Sahibu"

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni seremala, mke wangu anafanya kazi kwenye duka la dobi, na hapo kuna mpiga pasi mmoja mtanashati ambaye mke wangu humwita "sahibu", sahibu nipe hanga, sahibu umekula, na mimi niliyemuoa ananiita "baba watoto" kama vile jina langu limeliwa na mchwa, basi donge likanikaa rohoni nikaanza kuulizia hilo neno. Shemeji yangu baharia akasema kwa Kiarabu ni mwenzi, tena ni mwenye kitu, kama mwenye nyumba, jirani yangu muuza vitambaa akacheka, "Kwetu kwa Kihindi, bwana, huyo ni mkubwa, unamwinamia." Nikajumlisha: mwenzi wake ni yeye, mwenyewe ni yeye, mkubwa ni yeye, mimi nimebaki nani? Juzi nikaingia dukani, mbele ya wateja nikamkunja shati yule mpiga pasi nikamuuliza, "Wewe ni mwenye nani hapa?" Mke wangu akazima mashine, akachukua mkoba wake. Sasa yuko kwa dada yake na watoto, na alichoniambia ni hiki tu: "Umeuliza watu wote isipokuwa mimi." Nifanye nini?

Seremala Mwenye Donge

Seremala, pole. Wivu unauma, sikucheki. Lakini umekosa adabu.

Shemeji yako hakudanganya, wala jirani. Neno ni la Kiarabu. Kwa Wahindi likavaa ukubwa, kwetu likabaki urafiki. Mkeo anasema Kiswahili. Mbona ulimhukumu kwa lugha za watu? Na kinachokuuma si "sahibu", ni "baba watoto". Unatamani kuitwa kwa upole, ukaona haya kusema. Wewe unamwitaje? Kama ni "we mama", nyamaza kwanza.

Anza na mpiga pasi. Mwombe radhi mbele ya wateja, kwa kuwa ulimwaibisha mbele yao. Kisha nenda mwenyewe kwa dada wa mkeo, usitume mtu. Mwambie mkeo, "Nilikuonea wivu, nikakudhalilisha." Umuulize anapenda umwite nani, nawe useme unachopenda.

Akikwambia bado hayuko tayari, usibishane wala usinune. Kaa na watoto kidogo, aga vizuri, kesho uende tena.