Matundu Mawili Nyuma ya Kabati

Mount Druitt, Sydney
9 Mei 2021

Dada Anésie,

Bwana asifiwe. Mguu wako umepona? Sisi wazima, ila wifi yako Verdiane akitoka kazini hospitali hatugusi mpaka aoge, kwa kuogopa korona.

Nimepata kazi ya kuongoza kikundi cha kuziba hewa kwenye jengo jipya la wazee. Kuta tunazivika karatasi nene, kila ufa tunaubandika utepe, maana kanuni za huku zinakataa joto kupotea ovyo. Mwishoni wanafunga feni kubwa mlangoni, inavuta hewa, na mashine inasoma kiasi kinachopenya. Hapa isizidi tano.

Nikupe siri. Redio kila siku inasema fungueni madirisha, hewa ipite. Sasa wazee wale tuwafungie kama kwenye chupa? Kila fleti niliyoziba nimeacha matundu mawili ya ngumi, nyuma ya kabati la jikoni. Mungu ameona.

Mdogo wako,
Balthazar

Makamba, Burundi
17 Mei 2021

Mdogo wangu,

Amani ya Kristo iwe kwenu. Mguu sasa unanifikisha kanisani bila fimbo. Msalimie wifi yangu, mwambie namwombea.

Barua yako imenikumbusha kule kambini ukimbizini, Ineza wangu akikohoa kwa moshi, ukachukua mpini wa jembe ukatoboa ukuta juu ya jiko. Usiku ule mtoto alilala. Umefanya vizuri. Usimwambie mtu.

Dada yako,
Anésie

Mount Druitt
13 Juni 2021

Dada,

Salamu kwa jina la Bwana. Afya ninayo, usingizi sina.

Feni imefungwa, mashine imesoma sita na nusu. Bosi hakuuliza sana. Lawama imemwangukia mgeni wa kikundi chetu, Mirindi, Mkongo wa Guildford mwenye watoto wanne, ameambiwa asirudi. Aliondoka na ndoo yake ya vifaa, akanipa mkono, akasema, “Mzee, uniombee.” Nikasema nitamwombea.

Anayepima ni binti Mkenya, anaitwa Kendi. Nilimuuliza kama mtu mwingine tu, je, wazee watavuta hewa gani humo? Akacheka. “Mzee, nyumba haipumui kwa matundu ya panya. Kuna feni juu ya dari, inaleta hewa safi na kutoa chafu. Ukuta ukivuja, feni inafanya kazi bure.” Akanionyesha. Dada, ipo kweli. Mimi sikuwahi kuinua macho.

Makabati yameshafungwa, matundu hayaonekani. Nikinyamaza, yatakuwa ya Mirindi. Nikisema, labda kazi imekwisha.

Mdogo wako,
Balthazar

Makamba
16 Juni 2021

Balthazar,

Tuko salama, mengine baadaye.

Nusu ya kosa hili ni langu, mimi ndiye niliyekuambia unyamaze. Umemwambia Mirindi utamwombea. Sala hiyo utaianzaje? Nenda kwa bosi.

Dada yako,
Anésie

Mount Druitt
4 Julai 2021

Dada yangu,

Bwana ni mwema. Tumefungiwa majumbani tena, ila ujenzi bado unaruhusiwa, tunavaa barakoa. Nisamehe kwa ukimya. Sikutaka kukuandikia nikiwa na nusu ya habari.

Barua yako niliisoma kwenye simu, ndani ya treni. Nilipofika sikuvaa hata kofia ya kazi, nikaenda kwa bosi na kumwambia makabati yote yang'olewe, matundu ni yangu. Kendi alipitisha kimoshi chake cha kupimia, kile kinachoonyesha hewa inapopenya, kikayumba palepale niliposema. Bosi akauliza, fleti ngapi? Nikamwambia kumi na moja, namba ninazijua.

Hakunifukuza. Uongozi wa kikundi amenivua, na Mirindi akapigiwa simu. Nilimwendea mwenyewe Guildford, nikasimama nje ya geti, mita moja na nusu kama sheria inavyotaka, nikamwambia yote. Akageuka, akaingia ndani. Nikajua nimempoteza. Akarudi na ndoo yake. “Tunaanza fleti ya ngapi?”

Tumeziba zote. Ijumaa mashine imesoma nne na nusu.

Sasa kiongozi ni yeye. Kila ukuta ninaomaliza anaufuata na kimoshi, polepole, mpaka nyuma ya kabati. Mimi nasimama pembeni nikingoja, na sala yangu kwa ajili yake naimaliza vizuri siku hizi. Jana jioni alinipigia: “Kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi, mzee. Na ngumi zako uziache nyumbani.”

Mdogo wako anayelala,
Balthazar