Ufunguo Uliozikwa na Suti ya Bluu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Myriam, binti yangu, ameondoka asubuhi kwenda Kasenga. Miezi mitatu, kazi ya hospitali. Ameniachia ordinateur yake, kompyuta, na maagizo mengi: nisiweke chai karibu, nisifute kitu, na upweke ukinizidi iko jeu moja, mchezo, humo ndani, nijaribu. Mimi, mjane wa miaka sitini na mbili, mama wa kanisa, nicheze jeu! Nimeifunika kitambaa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefunua kitambaa. Ni kwa kupangusa vumbi tu.

Unachagua mtu wako: mpiganaji, mchawi au mwizi. Uchawi sitaki, nimebatizwa. Mpiganaji anabeba chuma kizito, na mgongo wangu naujua. Basi mwizi. Wanauliza jina lake. Nimeandika Benita.

Benita wa kweli ni jirani yangu, miaka thelathini na moja tunashiriki ukuta. Ndiye anaongoza kwaya, na hajawahi kuniachia niimbe peke yangu hata beti moja. Leo, ndani ya jeu, askari wa mfalme wamemkamata mara nne. Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Courant, umeme, imerudi saa nane mchana. Nimeanza kuelewa kazi ya kufuli. Una vijiti viwili: kimoja kinasukuma, kingine kinatafuta. Ukikaza, kinavunjika. Ukilegeza, unaanza upya. Nimevunja kumi na saba. Sanduku la kwanza nililofungua lilikuwa na viatu vilivyochakaa na kipande cha jibini. Lakini ule mlio – tk! Nimesikia furaha mpaka nikaona aibu.

Niveau yangu, yaani ngazi yangu ya kufungua kufuli, ni 12. Chini ya mnara wa kanisa la kale kuna sanduku la hazina linalodai 50. Tutaonana.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeungama. Ilikuwa lazima: jana Benita aliiba kanisani. Kanisa la ndani ya jeu, sawa, lakini kidole kilikuwa changu. Nikamwambia padri wetu, abbé Floribert, kwamba nimeiba vinara viwili vya fedha na kofia ya askofu. Akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, ile kofia iko wapi sasa?" Nikajibu nimeiuza kwa mtu mmoja mwenye masikio ya mbuzi.

Nikaeleza yote. Akakohoa, akauliza niko niveau gani. Kumbe yeye amekwama chini ya ule mnara tangu Pasaka! Hazina imemlipukia usoni mara tatu. Akanipa shauri: "Mbele ya kufungula, fanya sauvegarde, jeu ikumbuke fasi umefika. Ikitoka mubaya, unarudia mpaka pale ulikuwa." Kitubio: Salamu Maria tatu. Nimesali tano, mbili kwa ajili ya mnara.

Jumatano, 15 Oktoba

Hili sikutaka kuliandika.

Chini ya kitanda changu iko malle ya David, mume wangu, lile sanduku la chuma alilotembea nalo miaka yake yote ya reli. Kufuli moja, ufunguo mmoja. Ufunguo ulikaa siku zote katika mfuko wa ndani wa suti yake ya bluu. Na siku ya mazishi, nani alipiga mguu chini akasema azikwe na suti ya bluu, la sivyo hazikwi? Mimi. Mashemeji walitaka ya kijivu. Tulibishana asubuhi nzima na nikawashinda. Siku ya tatu ya matanga ndipo nikaukumbuka mfuko.

Miaka sita sasa. Watu wananiambia nitumie nyundo. Nyundo inasikika mpaka mwisho wa avenue, watakuja wote kutazama, na mimi sitaki mtu asimame pale wakati nitakapoona kilichomo. Kwa sababu David alikuwa anaenda Mitwaba mara mbili kila mwaka kununua maharagwe. Miaka kumi na tisa ya maharagwe, na kila safari anarudi na nusu gunia. Hakuna mtu anayemeza vumbi la barabara ile kwa nusu gunia. Kama kulikuwa na mwanamke huko, kama kuna watoto, wamo ndani ya malle: picha, barua, kitu fulani. Miaka sita nimejiambia sitaki kujua. Ni uongo, nataka sana.

Nimetoa vipini viwili vya nywele.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kimevunjika.

Cha pili pia. Niveau yangu ya kweli ni sifuri.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeamua kujifunza kwanza kwa kufuli ya kibanda cha kuku. Saa nzima nimechuchumaa, kama mwizi wa kwenye jeu, ila yeye haumwi magoti. Tk! Nimefungua kweli! Kwa furaha nikasahau kufunga mlango, na kuku kumi na mmoja wakaenda kula mboga ya lengalenga ya Benita.

Amekuja na kuku mmoja kila kwapa. "Mama Myriam, kuku yako inajua kufungula kadena sasa?" Akaona kipini mkononi mwangu. Nikamwambia ukweli: najifunza, nataka kufungua malle ya David. Kicheko chake kikakauka hapo hapo. "Bintu ya mufu ni ya mufu. Iwache ile malle." Halafu akasema tena, kwa upole ambao simjui nao, kwamba nimpe yeye, ataipeleka kwa fundi, chuma yake itatoa mbabula mbili za muzuri za kupikia kwa makaa.

Mwanamke ambaye hajawahi kunipa hata chumvi! Na kwao ni Mitwaba. David akifika huko alikuwa analala kwa kaka wa Benita.

Jumanne, 21 Oktoba

Niveau 50. Nimefungua hazina ya mnara. Mlinzi wake ni jitu la mawe ambalo halipigani wala halisemi, limekalia sanduku tu. Nilifanya sauvegarde mara sita. Ndani: dhahabu, taji, na upanga mzito nisioweza kuubeba. Nilifikiri nitaruka kwa furaha. Badala yake nimezima ordinateur, nikakaa nikitazama miguu ya kitanda changu.

Myriam amepiga simu, akauliza kama upweke unanisumbua. Nikasema sina nafasi ya upweke.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo nimechukua waya wa gurudumu la kinga ya David, baiskeli yake ya zamani, nikaukata vipande viwili, nikavisugua kwenye jiwe mpaka vikawa vyembamba. Kimoja kinasukuma, kingine kinatafuta. Jasho mpaka kwenye macho. Nilimwambia David maneno ambayo sitayaandika. Halafu – tk.

Nimevuta malle katikati ya chumba. Nimeweka kufuli chini. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya kifuniko wakati Benita aliingia bila hodi. Alitazama kufuli. Alinitazama mimi. Akaenda moja kwa moja akakalia malle, na pagne yake, kitenge cha kiunoni, akaitandaza vizuri kama amefika kwenye misa.

Nikamwambia aondoke. "Sitoke." Nikamuuliza anajua nini. Akainamisha kichwa, yule Benita wa sauti kubwa: "Mbele ufungule, unisamehe kwanza." Nikusamehe nini? "Leta chai, Edith. Siwezi kusema na koo kavu." Miaka thelathini na moja ananiita Mama Myriam. Leo ni Edith.

Kwa hiyo niko jikoni. Nimemwaga majani nusu. Yeye anataka sukari vijiko vitatu.

Abbé alisema kabla ya kufungua nifanye sauvegarde. Nimetafuta pa kuiweka, nina daftari hili tu. Basi: Alhamisi, saa tisa na robo mchana. David ni mume wangu. Benita ni jirani yangu msumbufu. Maharagwe ni maharagwe.

Maji yamechemka. Ameniita mara ya pili, na sijamsikia akisimama: bado amekalia malle.