Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mjukuu wako, ameanza kutambaa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Najua barua zangu unazisoma na kikombe cha chai mkononi. Leo tafadhali usiteleke kitu mpaka ufike mwisho. Simu ya dada haipatikani, ndiyo maana nimempa dereva wa basi la huko barua hii akukabidhi mwenyewe.

Unakumbuka nilipokuja, nilijaza chupa kwenye bomba la jikoni alfajiri, ukanicheka kwamba mwanao kasoma mpaka anabeba maji kama manukato? Nilitaka yapimwe na Miwani, mpimaji wa hapa maabara. Mimi kazi yangu ni kuchapa majibu tu. Miwani hutia tone la dawa, akazima taa ya chumba, akamulika kwa taa ya zambarau. Maji yakiwa na ioni za risasi, yaani madini yenye sumu yaliyoyeyuka, yasiyoonekana wala kuonjeka, dawa huzinasa na kung'aa kijani. Yakiwa safi, giza tupu.

Maji yako, mama, yaling'aa hata nikaziona kucha za Miwani.

Alirudia, yakang'aa tena. Akaniuliza kama niliacha bomba litiririke kwanza. Nikasema sikujua kama inatakiwa. Akashika kichwa. Wachukua sampuli wetu wote hutiririsha kwanza, ndivyo walivyofundishwa. Kumbe yale yaliyolala bombani usiku kucha yakinyonya risasi ya mabomba, ndiyo wanayoyamwaga. Hakuna aliyewahi kuyapima.

Tulikwenda kwa bosi. Alimwambia Miwani aache kutisha watu kwa maji ya karani. Mimi akaniambia, we mtoto, chapa, usifikiri. Chupa akaimwaga kwenye sinki mbele yetu.

Mama, nilichapa. Niliogopa kufukuzwa. Lile tangazo kwenye mlango wa zahanati yenu, linalosema maji ya mtaa ni salama, ni kazi ya mikono yangu. Na ninajua nani huamka wa kwanza hapo nyumbani akafungua bomba, na kwa maji hayo humkorogea nani maziwa.

Kuyachemsha hakusaidii, risasi haitoki. Usimpe mtoto hata tone. Nunueni maji ya chupa, na dada ampeleke akapimwe damu leo hii. Majirani wakikuonyesha tangazo, wasomee barua hii, hata kama itamfikia bosi.

Wasalimie wote, nibusie mdogo. Tangazo halina sahihi ya mtu. Hapa ninatia yangu.

Mwanao aliyelichapa,
Kitindamimba