Kidonda Nilichokuficha

Goma, 20 Juni 2021

Dada Alima mupenzi,

Tumerudi salama kutoka Sake. Lava haikufika kwetu.

Kuna jambo nilikuficha. Kabla volkeno haijalipuka, dokta alinieleza kwamba sisi wenye virusi vya ukimwi tunapatwa na kansa ya mlango wa kizazi kwa urahisi kuliko wengine. Alinipima, akaona kidonda, akatuma kipande laboratwari. Tukakimbia kabla ya majibu.

Jana nilirudi kwa dokta. "Mama Asumini, si kansa," akasema. "Tutakichoma leo, kisije kikageuka kansa." Nikalia kama mutoto.

Mume wangu Musafiri aliposikia akauliza, "Ndiyo sababu kule Sake haukukula?"

Nikamjibu ndiyo. Akashuka mwenyewe soko la Kituku, kando ya ziwa, kununua samaki. Nimemaliza sahani mbili za sambaza na bugali.

Mudogo wako,
Asumini