Kabla Mate Yangu Hayajakauka

Kampala, Jumapili baada ya misa

Kwa mdogo wangu Kambale, Butembo

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mtu aliyelelewa na mama yetu haruki salamu hata akiwa amekasirika. Hamjambo hapo nyumbani? Miguu ya mama bado inamsumbua wakati wa baridi? Viazi vimetoka vizuri? Na wale askari waliokaa katika shule ya watoto, wameondoka au bado wanapikia madawati? Naomba unijibu yote hayo moja moja, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na jibu moja tu, na swali lake mimi sikuliuliza.

Mimi nipo. Kidonda cha operesheni kimefunga. Walinikata karibu nusu ya ulimi, upande wa kushoto, wakatoa na matezi ya shingoni, na sasa nina mshono unaoanzia nyuma ya sikio mpaka chini ya kidevu. Umeshonwa vibaya, nakwambia kama fundi wa nguo. Mteja wa Butembo ukimrudishia koti lenye mshono ule atakutupia usoni. Chakula kinapita kwenye mpira mwembamba walioniingiza puani: uji, maziwa, mchuzi uliochujwa. Kwa hiyo asanteni kwa maharagwe mliyonitumia kutoka Musienene, kwa wakwe zetu wapya. Nimeyaweka chini ya kitanda. Kila asubuhi nayatazama.

Jumanne wanaanza kunipiga mionzi. Ni mashine kubwa, haina moto wala haina sauti ya kutisha, lakini inaunguza ndani. Siku tano kila juma, kwa majuma sita, ili kuua mbegu za kansa zilizobaki kinywani. Umeandika kwamba maandalizi yamekuwa marefu mno na labda madaktari wa huku wananichezea. Basi nikueleze mchezo wenyewe ulivyokwenda.

Walianza na meno. Daktari wa meno alitazama picha ya taya, akasema meno yote ya chini yaliyobaki yang'olewe, kumi na moja, mabovu na mazima. Anasema mfupa ukishapigwa na mionzi haufungi kidonda tena, kwa hiyo jino likija kuoza baadaye, taya litaoza pamoja nalo. Nilimwonyesha kwa kidole lile la mbele ambalo nimekatia uzi miaka ishirini na minne. Hilo nalo? Akatikisa kichwa kwamba hilo nalo. Waliyang'oa kwa siku mbili, kisha tukakaa tukingoja ufizi ufunge. Ukinitazama sasa kwa upande utadhani ni marehemu babu.

Halafu kikaja kinyago. Walinilaza chali, wakanipaka mafuta usoni, wakanifunika kwa plâtre, ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, macho na kinywa vyote ndani, wakaacha pua tu, na tundu moja la pua lina mpira. Nilibaki humo gizani nikihesabu vifungo vya mashati niliyowahi kushona, ili nisiruke kutoka mezani. Kutokana na umbo lile walitengeneza kinyago cha plastiki, ambacho watakikaza kwenye meza kila siku juu ya uso wangu ili nisitikisike. Wamechora mistari juu yake kwa kalamu, kama mimi ninavyochora kitambaa kwa chaki kabla ya kukata. Hapo niliwaheshimu kidogo.

Umeniuliza pia nani ananitunza. Kuna muuguzi mmoja kutoka Kasese anayesema Kikonjo, ambacho mimi na wewe tunakisikia kama Kinande kilichoolewa mbali. Ndiye anayenielezea maneno ya daktari. Wengine hapa hawasemi Kiswahili, na wanaokijua wanakiogopa, maana kwao ni lugha ya askari. Kwa hiyo, Kambale, katika chumba chenye vitanda ishirini, mtu pekee anayeongea nami Kiswahili ni askari mwenye uvimbe shingoni, aliyekuwa kwetu na jeshi lao. Siku ya kwanza alinisogelea akifurahi kama amemwona ndugu.

«Mzee, wewe natoka Butembo? Butembo mimi najua sana! Pale soko iko mama moja nachoma mbuzi, tamu kabisa. Sisi tulikuwa nakula pale kila siku.»

Nilitaka kumuuliza kama yule mama aliwahi kumwona akitia mkono mfukoni ili alipe. Lakini ulimi wa kumuuliza sina, na kusema kweli ndiye anayenishikia bakuli ninapotapika. Nimemchukia nikachoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Yule muuguzi alikaa kitandani kwangu akaniambia, «Tata, mionzi itapiga hata pale mate yanapotoka. Yatakauka. Uzoee kutembea na chupa ya maji.» Nikaandika kwenye daftari langu: yatarudi lini? Akasema wengine hurudishiwa kidogo baada ya mwaka, wengine hawarudishiwi kabisa. Nilicheka, na kucheka kunauma. Maana tangu operesheni mate yananitoka yenyewe, nusu ya ulimi haiwezi kuyazuia, natembea na kitambaa mkononi kama mtoto anayeota meno. Na baada ya majuma machache sitakuwa nayo hata ya kulowesha ncha ya uzi.

Ndiyo maana nilikuandikia haraka. Binti yangu Masika anaolewa. Wewe unajua jinsi baba yetu alivyofanya kwa dada zetu, lakini nitakuandikia kama mtu asiyejua, kwa kuwa umefanya kama hujui. Siku mbuzi wa mahari wanapopokelewa, baba anachukua funda la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, analichanganya na mate yake, anampulizia binti kwenye paji la uso na kifuani, na kumwambia maneno ya kumtoa nyumbani. Padri hakuwahi kukataza, na dada zetu walikwenda kanisani baada ya hapo, kifua bado kimelowa pombe. Binti asiyepuliziwa na baba yake anaondoka kama aliyefukuzwa. Sikuomba mwahirishe arusi. Niliomba kitu kimoja: mnitumie mtoto hapa kabla ya Jumanne, nimbariki wakati mate bado ninayo.

Na wewe ukanijibu hivi. Nayaandika tena maneno yako ili uyaone yanavyoonekana kwenye mkono wa mtu mwingine: «Grand frère, usikasirike. Famille ilikaa, tukaona kama mate ya mutu wa ile magonjwa haiwezi kuleta baraka. Bale ba Musienene batasema nini? Donc mimi njo nitasimama pa nafasi yako. Wewe ujitunze tu.»

Nimejitunza. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imekatika kwenye mkunjo.

Famille ilikaa! Kwetu jina linamtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Ukisikia Paluku, unajua ni wa kwanza. Ukisikia Kambale, unajua kuna mwingine mbele yake. Aliyetupa majina hakukosea kuhesabu, na ugonjwa haujanishusha nafasi. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, nami nilikuwa nalisema hilo kwa wateja waliochelewa kuchukua suruali zao. Sikujua nitakuja kuambiwa mimi, tena na wewe. Wanasema pia kufa kufaana. Sawa, lakini ungengoja nife.

Kuhusu ugonjwa kuambukiza, nimemuuliza daktari kwa maandishi naye akanijibu kwa maandishi: hauambukizi, si kwa mate, si kwa kikombe, si kwa pumzi. Nimekuwekea karatasi yake ndani ya bahasha hii, mpe mtu anayejua Kiingereza akusomee. Naitaja hiyo ya kikombe kwa sababu nakumbuka. Kabla sijaondoka, tulipokaa kunywa kasiksi kwa mama, kibuyu kilipita kwa wote, kilipofika kwangu ukaniletea kikombe cha plastiki cha kijani. Ukasema ni cha kunisaidia nisiumie mdomo. Nilikunywa, na mama akatazama chini.

Kosa langu nalikubali. Kidonda kilipotokea pembeni mwa ulimi, nilisema ni pini. Fundi wa kushona anashika pini kwa midomo kutwa nzima, nani angefikiri kitu kingine? Ninyi nyote mlisema pini, mpaka mafundi wenzangu wa barazani wakaanza kuchomeka zao kwenye kipande cha sabuni badala ya kuzishika mdomoni. Mwaka mzima nilisukutua chumvi na kuendelea kuvuta sigara. Barabara ilikuwa imefungwa, ni kweli, wanaume walikuwa wanashushwa kwenye magari na wengine hawakurudi. Lakini hata ilipofunguka nilingoja nimalize nguo za Pasaka. Hilo si kosa lako wala la vita. Ninalibeba mwenyewe.

Sasa nakwambia kitu ambacho hukijui, na utakapokisoma mtoto atakuwa amekwisha fika nyumbani, hivyo usijisumbue kukimbia popote. Alhamisi Masika alikuja hapa.

Nilikuwa nimekaa kwenye veranda ya chumba chetu, nikamwona anapita kati ya watu na kile kitenge chake cha rangi ya machungwa, miguu imejaa vumbi. Alinipita. Alimpita baba yake, akaenda kuuliza kitanda kwa kitanda, kisha akarudi akasimama mbele yangu, akanitambua kwa shati. Nililishona mwenyewe, na kola yake inalingana na ya blauzi niliyomshonea yeye. Hakulia. Aliketi chini akasema:

«Papa, nilibaambia naenda Beni kununua masufuria. Mama peke yake njo anajua. Pa Kasindi basoda balifungua mufuko, balikula mikate yako yote.»

Nikamwandikia kwamba hata wale askari wangeiacha, mikate isingepita puani. Hapo ndipo alipolia.

Baadaye akapiga magoti palepale kwenye saruji, mbele ya wagonjwa na watu wao. Kasiksi hatukuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, midomo yangu haiwezi kushika funda. Nilikuwa na mate tu. Nikainama. Na nikamwona, Kambale, amefumba macho kwa nguvu, uso wote umekazwa, kama mtoto anayengoja sindano. Maneno yako yalikuwa yamemwingia. Yalikuwa yameniingia hata mimi. Nilinyanyua kichwa, nikageukia ukutani, nikajifuta.

Akafungua macho. «Papa, unangoja nini?»

Nikaandika: Baba yako mdogo anasema kinywa hiki ni kibaya.

Alisoma pole pole. Nilidhani atanyamaza, maana wewe ni mkubwa kwake na hatukumfundisha kujibu wakubwa. Akasema, «Wakati nilikuwa kadogo, sina meno, nyama ulikuwa unanitafunia na kinywa gani?»

Kisha akakichukua kile kitambaa mkononi mwangu, kilivyokuwa, kimelowa, akajipangusa nacho paji la uso, akajipangusa kifua, akanirudishia. Nikamwambia maneno ya baba yetu. Yalitoka vipande vipande, nusu yake ni hewa tu, mtu mwingine asingesikia kitu. Yeye kila moja aliitikia. Yule askari kitandani kwake alikuwa ameketi wima, kofia ameivua.

Alilala kwa yule muuguzi, na Ijumaa akapanda lori la kurudi. Masufuria alinunua hapahapa, ili uongo wake usiwe uongo mtupu.

Mama Masika usimguse kwa neno hata moja. Alifanya yaliyokuwa yako kufanya. Mwambie namshukuru, na ile nguo ya arusi niliyoikata kabla ya kuondoka ipo kwenye sanduku la chini, chini ya mabaki ya kitambaa. Fundi mwenzangu wa barazani aimalizie, ila mikono aiache mirefu. Nisalimie mama, umwambie sijambo, usimwambie habari ya meno. Nisalimie shangazi wa Mutwanga kama atapata pikipiki ya kuja siku hiyo, na katekista wetu anayeniombea kila Jumapili, ingawa nasikia ananitaja pamoja na marehemu. Mwambie asubiri kidogo.

Kama mionzi itanifaa, sijui. Daktari naye hajui, ameniambia wazi na nimempenda kwa hilo.

Na wewe, Kambale, siku ya mbuzi vaa koti lako la kijivu, kaa kwenye kiti changu, kwa sababu lazima mtu akae. Wapokee wakwe kwa heshima. Useme maneno mazuri, unayajua. Halafu chukua funda la kasiksi umpulizie Masika, kama famille ilivyokaa ikaamua. Sitakuzuia. Ujue tu kwamba mtoto amekwisha barikiwa, na wewe hapo utakuwa unamlowesha tu.

Ni mimi kaka yako,

Paluku, baba yake Masika