Kete za Mama wa Kalenga

Kaka Lwitiko,

Upepo wa Iringa unakata masikio kuliko wa kwetu Mbeya. Mahindi ya kuchoma ndiyo yananiokoa.

Leo sokoni nimemwona yule mama wa Kalenga aliyekuwa akikuletea kete za mabao yako, kabla hajahamia kwa fundi wa huku. Nikamvaa palepale: "Mama, kaka yangu alikukosea nini?"

"Salamu kwanza, mwanangu. Kamwene," akacheka. "Kaka yako anachonga vizuri mno. Watu wakinunua bao lake wanalitundika ukutani. La huyu fundi wa huku baya, lakini liko nje, linachezwa kutwa. Likichezwa, kete zinapotea. Zikipotea, wananirudia."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Basi lile bao lako la mninga usilotaka liguswe, literemshe ukutani, uliweke kwenye benchi nje. Kete zake sitini na nne nimeshanunua. Mama anasema zikianza kupungua tu, atapanda basi mwenyewe aje Mbeya.

Jifunike kifua, kaka yangu. Nikirudi nataka nikukute unatambaa chini ya benchi, unatafuta kete.

Mdogo wako,
Tusajigwe