Kozi niliyoichagua siku sombe ilipoungua

Jumamosi, Kolwezi. Mvua asubuhi, jua la kuonja tu saa sita, mvua tena. Moyo wangu mweupe.

Ndiyo, mweupe. Ninyi mnaonisoma hapa mmenizoea na malalamiko yangu, leo nivumilieni. Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na hata sasa nikiandika nacheka peke yangu. Mdogo wangu Ilunga kapita mlangoni, kamwuliza dada yake, "Yaya, weye uko sawa?" Niko sawa kabisa.

Nimechagua kozi.

Kwa wale wapya: kuna chuo kimoja nje ya nchi kinachofundisha kemia ninayoitaka, na kinawasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Mlango wake ni mtihani wa Kiingereza wenye pande mbili, hesabu na maneno. Hesabu niliipita nikiimba. Maneno yakanibwaga chini, pu! Wanakupa kifungu usome, halafu wanakuuliza mwandishi anakusudia nini, au mtu aliyemo anajisikiaje, na wanakupangia majibu uchague. Nilirudi na maksi za aibu. Wanaruhusu kurudia mara moja tu. Nikianguka tena, chuo kile nikisahau, na sina mpango mwingine nyuma ya huo, nisijidanganye.

Kazi pia sina. Nilikuwa depo, kwa wanunuzi wa kobalti. Bei ilipoanguka wakafunga milango mmoja baada ya mwingine, na bosi wetu akaondoka na mashine yake ya kupima bila hata kutuaga. Ilunga yeye alikuwa anachimba karibu na mgodi wa Mashamba. Siku moja wakaja kuwaondoa wachimbaji wote, uzio ukasimama, naye akarudi nyumbani na chepeo begani. Halafu akafika mama mudogo Anto, mdogo wake mama yangu. Alikaa Angola miaka mingi akiuza samaki wakavu, na Wakongomani walipofukuzwa kule alivuka mpaka Dilolo, akatufikia hapa juu ya lori. Mkononi alikuwa na vitu viwili tu: sufuria na ufagio.

Ufagio! Wengine waliokoa nguo, waliokoa redio, mmoja aliokoa mbuzi. Ilunga hajaacha kumtania mpaka leo. "Mama mudogo, Kolwezi hakuna fagio?" Yeye hutabasamu tu. Kuhusu siku ile ya kuondoka ukimuuliza anajibu, "Tuliondoka, njo vile," halafu anageukia sufuria. Tumezoea kutouliza.

Mama mwenyewe yuko Manono, anamtunza mzazi wake, nkambo wetu. Basi lupango yetu, uwanja huu na nyumba yake, ni ya waliofukuzwa watatu. Majirani wanatuita hivyo na sisi tunaitika. Msituonee huruma lakini. Hapa kuna kelele kuliko sokoni. Tunabishana kama chumvi inatangulia mafuta, tunabishana nani anakoroma, tunabishana kama mvua ya leo ni kubwa kuliko ya jana. Siku isiyo na ubishi mama mudogo anauliza nani mgonjwa.

Sasa habari ya kozi.

Mara ya kwanza nilinunua kozi ya kwenye telefone, ya kunitayarisha kwa mtihani, kwa uzito. Hakuna namna nyingine ya kusema. Ilikuwa na masaa mengi, maneno mengi, kadi za maneno mpaka basi, nami nikayameza yote nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni ya maji. Siku ya mtihani maneno ya kwenye kifungu niliyajua yote. Nilichokuwa sijui ni huyo mtu wa kwenye kifungu anataka nini.

Mi! Mtu wa sampuli!

Niwaelezee kwa nini nilijicheka. Kazi yangu depo ilikuwa kutoa kidogo kwenye kila mfuko ili kipimwe. Na mchimbaji yeyote, awe mkristo mzuri namna gani, majiwe yake ya kijani yanayong'aa anayapanga juu. Ukichukua ya juu umeliwa. Unapiga mkono ndani mpaka kiwiko, unatoa ya katikati, unatoa ya chini, ndiyo unajua mfuko una nini. Na mfuko mzito mara nyingi ni mfuko uliolowa maji. Nimewacheka sana wanunuzi wageni waliochungulia juu tu wakatoa pesa. Halafu mi mwenyewe nikalipia kozi kwa kuangalia somo la kwanza la bure, lenye muziki na picha za watu wanaorusha kofia juu.

Kwa hiyo wiki hii nimefanya kazi yangu ya zamani. Nimeziandikia kozi tatu: asanteni kwa somo la kwanza, silitaki, naomba mnitumie moja la katikati.

Ya kwanza ikanijibu papo hapo, asante kwa kupendezwa nasi. Ikanitumia somo lile lile la kwanza, muziki umeongezwa. Kwetu depo, mtu akizuia mkono usiingie kwenye mfuko wake, mfuko huo unarudi naye nyumbani.

Ya pili ikatuma somo la katikati kweli. Ya tatu ilikaa kimya mpaka jana, halafu nikapata sauti ya mwalimu mwenyewe, mwanamke mtu mzima anayekohoa kidogo, nyuma yake jogoo anawika. Anasema hajawahi kuombwa kitu kama hicho, na somo analotuma halina picha nzuri, nimsamehe. Nilimpenda, lakini nikajionya. Jogoo haingii mtihanini.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwenye kozi zile mbili zilizobaki. Jioni mlango unafungwa, na pesa niliyoibakiza kutoka depo inatosha kozi moja tu. Nikikosea tena, nimekosea moja kwa moja.

Rezo ya telefone kwetu inakamata mahali pamoja, kwenye kona ya jiko la nje, karibu na mbabula ya makaa. Na kwenye mbabula ilikuwa sombe, yale majani ya muhogo, na kwenye sombe alikuwa mama mudogo Anto. Ilunga alikuwa ananoa kisu ambacho hakina kazi. Kwa hiyo niwe nimetaka au sijataka, nilisoma mbele ya watu.

Nikaanza na ile ya pili. Somo zima linafundisha namna ya kukisia jibu bila kusoma kifungu. Ukiona jibu refu, chagua. Ukiona neno fulani, kimbia. Mama mudogo hajui Kiingereza, akataka kuelezwa.

"Sasa ule mutu wa mu kifungu, alifanya nini?"

"Sijui, mama mudogo. Wanasema hakuna lazima ya kumusoma."

"Aka! Unalipa bantu juu bakufundishe kutosoma?"

Ilunga alicheka mpaka kisu kikamwanguka. Kozi ya pili ikaishia hapo.

Nikafungua ya tatu. Picha mbaya kweli, mwalimu anaonekana nusu uso. Lakini kasema kitu kimoja nikakaa wima. Kabla hujaangalia majibu, yafunike kwa mkono. Sema kwa maneno yako mtu huyu anajisikiaje. Kisha weka kidole juu ya mstari unaokufanya useme hivyo. Huna mstari, huna jibu.

Kifungu kilikuwa kifupi, nikawatafsiria. Baba mmoja mzee, kijiji chake kinahamishwa kwa sababu ya bwawa. Maofisa wanafika asubuhi na lori. Anawaambia, nimefurahi kwenda, huko mnakotupeleka kuna umeme. Halafu anawaomba wamngoje kidogo. Anachukua ufagio, anafagia uwanja wake wote kuanzia mlangoni mpaka barabarani, halafu anapanda lori. Kimeisha. Swali: anajisikiaje?

Jamani. Ningejua, ningeondoa sufuria motoni kwanza.

"Anafurahi!" Ilunga kasema. "Amesema mwenyewe, nimefurahi. Mutu akisema anafurahi, unataka nini tena?"

"We Ilunga! Bantu banakuya kukutoa mu nyumba yako, banakuya na lori, weye utafurahi?" Mama mudogo alikuwa amesimama tayari, mwiko mkononi. "Ule baba eko na kasirani. Kasirani mingi!"

"Mustari eko wapi, mama mudogo? Mwalimu anasema uonyeshe mustari."

"Mustari gani? Mi njo niliona malori. Ule mwalimu aliona?"

Ilunga akajibu kwamba hata yeye aliondolewa Mashamba na hakukasirika. Mama mudogo akamkumbusha kwamba alitupa chepeo ukutani na alama bado iko. Wakageukia ukuta kuitafuta. Jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili kuuliza kama tunapigana. Ilunga akamwambia hapana, tunasoma.

Mi nilikuwa nimeyafunika majibu kwa mkono, kidole changu kinatembea kwenye mistari. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuhangaika na Kiingereza hiki, sikuwa natafuta neno. Nilikuwa namtafuta mtu.

"Ninyi wote mumekosa," nikasema.

Wakauacha ubishi katikati, wakanigeukia wote wawili. Kwetu hilo ni jambo kubwa.

"Mwenye furaha angengojesha lori? Si angepanda mbio? Na mwenye kasirani angewafagilia uwanja wale wanaomutoa? Angewaachia uchafu. Mustari ni huu hapa wa ufagio. Nyumba anaiheshimu. Inamuuma, lakini hataki kuiacha chafu, juu ya kuwa ni yake."

Nikaondoa mkono. Jibu la mwisho kwenye orodha lilikuwa karibu maneno yangu yenyewe. Nikaligusa, likawa kijani.

Nikapiga vigelegele! Ilunga akapiga makofi, akasema yaya wake ni mkali. Nikamgeukia mama mudogo nimtambie kidogo, haki yangu, nikamkuta ameketi juu ya kiti chake kidogo, mwiko umelala mapajani.

"Na mi nilifagia," akasema.

Tukamtazama.

"Askari banasema mbio mbio. Bantu banatupa bitu mu mifuko, batoto banalia. Mi nikakamata ufagio. Benzangu banapiga kelele, Anto, weye eko wazimu? Nikafagia tu. Nikafagia mpaka ku barabara. Juu ya nini, sijue." Akautazama mwiko. Halafu nikaona mabega yanaanza kutikisika, nikadhani analia. "Na kisha nikapanda mu lori na ufagio! Nilisahau kuuacha! Nimefika Dilolo ndiyo naona, eh mama, niko na ufagio!"

Machozi yalikuwepo, sitasema uongo. Lakini kicheko kilikuwa kikubwa kuliko machozi, kicheko cha tumboni. Kilimkamata Ilunga, kikanikamata mimi, tukashikana pale kona ya jiko, watu watatu waliofukuzwa. Ilunga anajaribu kusema samahani kwa matani yote yale na hawezi kumaliza neno.

Ndipo tukasikia harufu.

Sombe ilikuwa imekwisha kuungua. Chini nyeusi kabisa, na juu ina harufu ya moshi. Mama mudogo akachungulia, akafunika kifuniko, akaniambia kwa sauti ya mtu anayefunga biashara: "Njo hiyo kozi. Lipa."

Mvua ikachagua saa hiyo hiyo kurudi. Rezo ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Ilunga akapanda juu ya pipa akiwa ameinua telefone yangu mvuani, mama mudogo anamfunika kwa beseni, mi chini namwambia bonyeza pale, hapana, pale! Giza lilikuwa linaingia ujumbe ulipofika. Nimeandikishwa. Yule mwalimu akatuma sauti tena, anasema karibu, na anauliza kwa nini nilitaka somo la katikati. Nitamweleza habari za mifuko kesho, akili ikitulia.

Je, nitafaulu? Sijui. Mtihani bado uko mbele, na Kiingereza changu bado kina mashimo. Lakini leo niliweka kidole juu ya mstari na mstari ukanijibu. Tena nimeshinda ubishi katika lupango hii, ambao ni mgumu kuliko chuo chochote. Kila somo nitalileta pale kwenye mbabula. Nikiweza kuwashinda wale wawili, hao wa mtihani waje tu.

Sombe tumeila na bukari, ugali wetu, imeungua hivyo hivyo. Mama mudogo anadai hakushindwa, ule baba alikuwa na kasirani kidogo, huko ndani. Tumemwachia.

Kabla ya kuingia kwake kapita hapa mlangoni, ufagio mkononi, maana mvua imeleta majani uwanjani na hawezi kulala hivyo.

"Mwadi," kaniita, "na ule baba, balimupeleka wapi? Somo la kesho litasema?"

Nikamwambia nitaangalia. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba vifungu vya mtihani havina mwisho, vinakatwa mara tu swali likipatikana, na yule baba hatutamwona tena.

Lakini namjua, asubuhi ataniuliza kabla ya chai. Nadhani nitamwambia kwamba lori lilimshusha kwenye lupango moja yenye kelele nyingi, akiwa na ufagio wake mkononi. Walimtania, wakampa mahali pa kulala. Siku hiyo sombe iliungua, na akala.